Keji yangu alisema amechoka mbele ya watu

Leo nimegombeza mutoto yangu mbele ya uwanja mzima ya Koboko, kumbe mjinga ni mimi!

Keji iko koleji Arua. Likizo yote iko nyumbani, na timu yao ya hapa Koboko inacheza ile mpira ya kupiga na fimbo. Yeye ndiye anarusha. Kila wiki anarusha, kila wiki wanashinda.

Leo fainali. Tuko mbele pointi moja, imebaki kutoa wapigaji watatu tu ya wale wengine, tushinde.

Keji akashika bega. Akaenda kwa kocha: "Mwalimu, mukono imekwisha. Weka Sadia."

Sadia! Mutoto ya jirani yangu, ule mama tunagombana juu ya mbuzi yake! Likizo yote anakaa benchi tu.

Nikapiga kelele: "Wewe Keji! Babu yako ilikuwa askari! Kwetu mutu hasemi amechoka!"

Watu wakacheka. Keji akanigeukia: "Mama, babu hakupigana peke yake."

Akaenda kukaa.

Sadia akarusha. Mmoja nje. Wa pili nje. Wa tatu akapiga hewa.

Kombe ni yetu!!

Mama Sadia akaja mbio. Nikajua anakuja kunicheka. Akanipita, akapiga magoti mbele ya Keji: "Asante, mwanangu."

Jamani, nililia. Halafu nikapaza sauti, hata watu ya Oraba kule mpakani wasikie: "Huyo ni wangu! Mimi ndiye nilimuzaa!"

Sasa bega imevimba, ninakanda na maji moto na chumvi. Nyinyi mama za wachezaji, munatumia nini? Muniambie hapa chini, lakini kwanza mumusifu.