Milango ya Kitopeni

Usiku ule nililala nimejiridhisha kabisa. Orodha ya vijiji vya tarafa yetu, ya mgao wa visima, ilikuwa tayari kwenye bahasha, asubuhi niipeleke wilayani. Kila kijiji nilikiandikia mistari michache: umbali hadi sokoni, mto, shule, idadi ya nyumba. Kitopeni peke yake nilikimaliza kwa neno moja: "Kimehamwa." Nilifika huko kwa pikipiki nikakuta milango yote imezibwa kwa fito, hata kuku hakuna. Kijiji kilichohamwa hakichimbiwi kisima, nalijua hilo, lakini halikuninyima usingizi.

Basi nikajiona niko darasani seminarini, kwenye dawati langu la zamani, magoti hayaenei. Mbele amesimama Padre Kirani, Mwairishi aliyetufundisha jiografia, ambaye mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza lake. Kanzu yake ina vumbi la chaki vilevile. Mkononi ana kile kitabu chake kikuukuu kilichoorodhesha parokia na vijiji vyote vya kwao Ayalandi, jalada limeliwa na mchwa. Alizoea kutusomea: kijiji fulani, maili kadhaa kutoka mji wa soko, kinu kimoja, kanisa bovu. Tulikuwa tunacheka mpaka machozi. Ukurasa mmoja tu hakuwahi kutusomea, na leo ameufungua.

"Tumsifu Yesu Kristo," nasema.

"Milele, amina. Soma hapa."

Nasoma. Ni kijiji cha kina mama yake. Nyumba zipo, wakazi hakuna.

"Walikufa, Padre?"

"Wafe wapi! Aliyeandika alipita kiangazi. Kiangazi watu wetu walipanda mlimani na ng'ombe, wakilala vibandani huko mpaka majani yaishe. Bibi wa bibi yangu yuko juu anakamua maziwa, huku chini anaandikwa hayupo."

Anacheka kidogo, ila macho hayacheki. Namwonea huruma, mzee wa watu, kutunza miaka yote kitabu kilichowakana ndugu zake.

Sijui tumetokaje darasani. Tunapanda mlima wa majani mabichi, ukungu umetanda, kengele za ng'ombe zinalia. Mara majani ni mpunga, ukungu ni moshi wa jikoni, na tuko bondeni. Kila shamba lina dungu lake, kibanda kirefu cha kulindia ndege. Watoto wanapiga madebe. Mama mmoja ameshika kombeo, pembeni yake ndoo ya maji ya rangi ya matope. Ananitazama kutoka juu.

"Karani, ulibisha hodi nyumbani kwetu Kitopeni, hukuitikiwa. Mbona hukutufuata shamba? Si na wewe mama yako alikuzaa dunguni?"

Ni kweli. Alinizaa msimu wa kuamia ndege, milango ya kwetu imezibwa kwa fito vilevile. Aibu ikanishika, nikatamani ardhi inimeze. Padre ananiwekea mkono begani, mwepesi sana.

"Mwanangu," anasema, "wewe ulipita msimu gani?"

Niliamka. Nje ndege walikwisha kuanza kelele zao. Nilifungua bahasha, nikalikata lile neno, kisha nikabaki na kalamu mkononi, sina la kuandika, kwa sababu nyumba nilizihesabu lakini hakuna mtu niliyemuuliza jina. Wilayani wangenisubiri. Niliwasha pikipiki, nikashika njia ya mpungani.