Kitambaa Chekundu cha Kofia ya Baba

Nguo za kuwindia nilizichagua mimi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Baba alikuwa amepata kibali cha kuwinda pongo mmoja katika msitu ulio nyuma ya mashamba ya kwetu Lusewa, akaniita niende naye. Mimi ni mtu wa mjini, na ujuaji umenijaa. Nilishinda kutwa nzima nikipekua mitumba ya Majengo. Mabaka ya kijeshi raia haruhusiwi kuyavaa, kwa hiyo nilitafuta rangi ya majani ya miyombo yaliyokauka: majaketi mawili ya kahawia na suruali za rangi ya udongo. Nilizifua kwa maji matupu, bila sabuni, nikazitundika jikoni zishike moshi wa kuni. Nilijisifu kweli.

Ikabaki kofia ya baba. Ilikuwa kuukuu, na kisogoni alikuwa ameshonea kipande chekundu cha khanga ya marehemu mama. Nikamwambia kitatuharibia windo. Akacheka.

"Hicho ni cha watu, mwanangu, si cha mnyama. Pongo hashtuki kwa rangi hiyo. Wawindaji wa huku wote tunashona."

Sikumwamini. Asubuhi, alipokuwa anakunywa chai, nilikifumua kwa wembe nikakitia mfukoni. Akaivaa kofia yake bila hata kuitazama.

Msituni tuliachana. Yeye alikwenda kukagua nyayo kando ya kijito, halafu arudi. Mimi nilibaki na bunduki nyuma ya kichuguu. Nilikaa mpaka miguu ikafa ganzi. Ndipo kitu cha kahawia kikatikisika kichakani mbele yangu, kikainama, kikainuka. Niliona shingo. Naapa niliona shingo ya pongo. Nikainua bunduki, nikalenga, kidole kikaanza kuvuta.

Kile kitu kikakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha baba, kile kikavu kilichomkaa kifuani tangu masika. Nikaishusha bunduki na kuilaza chini. Ng'ambo ya kijito pongo wa kweli alibweka mara moja, akatokomea.

Baba alitoka kichakani ameinamisha kichwa, majani yamemganda begani.

"Nisamehe, mwanangu. Kikohozi changu kimekukosesha nyama."

"Si neno, baba," nikasema. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, umekikamata kile kitambaa.

Alitangulia njiani. Nilimfuata nikikitazama kisogo chake, na kila alipopita kwenye majani nilimpoteza. Tulipofika nyumbani nikakishona kitambaa mahali pake, mishono mingi kuliko ilivyohitajika, yeye akiwa anaoga.

Sijamwambia, mimi ni mwoga. Kila nikienda Lusewa huwa namwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba, tunakaa. Halafu, kabla hatujazungumza lolote, ananiomba tena radhi kwa kile kikohozi.