Rodah na Uzi Ulio Ndani ya Mzizi

Mogogosiek nzima ilikubaliana juu ya mambo mawili: kwamba Rodah Chepkurui alikuwa mchumaji chai hodari kuliko wote, na kwamba ukisikia neno lake, kwanza ukate nusu. Ni yeye aliyesema mvua ya mawe iliwahi kung'oa pembe zote mbili za fahali wake, halafu kwa huruma ikamrudishia moja. Ni yeye aliyesema kwamba wakati wa El Niño alishika samaki katikati ya mistari ya chai, na samaki hao walikuwa tayari na ladha ya majani. Watu walicheka wakaomba nyingine. Shida ya mtu wa namna hiyo huja siku anapoleta kitu cha kweli.

Cha kweli kilimpata kwenye maabara. Magoti yalikuwa yamekataa mteremko, basi akapewa kazi ya kuosha vioo katika kituo kimoja cha utafiti wa chai, upande wa Kericho. Darasa hakuwahi kukanyaga. Huko alimkuta Daktari Akeyo, mwanamke mrefu aliyetoka upande wa ziwa, daktari wa mimea na si wa watu. Kazi ya Akeyo ilikuwa hivi: anakata ncha ya mzizi wa mche wa chai, ndogo kama kichwa cha sindano, anailainisha kwa asidi, anaitia rangi nyekundu, anaiweka kati ya vioo viwili vyembamba, kisha anaikandamiza kwa kidole ili itandazike. Hapo pa kukandamiza ndipo palipomtesa. Akiweka nguvu, kioo kinapasuka. Akiogopa, mzizi unabaki rundo. Siku ya tatu ya kuokota vigae, Rodah alichoka.

"Daktari, hebu niachie."

"Mama Rodah, hiki si sufuria."

"Najua. Sufuria haivunjiki. Hiki umevunja vitatu tangu asubuhi."

Akeyo akampisha, pengine kwa hasira tu. Rodah akaweka dole gumba juu ya kioo. Dole hilo lilikuwa limechuma majani mawili na kichipukizi chao kwa miaka arobaini, likijua lini shina linakubali na lini linakataa. Likabonyeza, likatulia, likaachia. Akeyo akainama kwenye hadubini. Akatazama tena. Halafu akamvutia Rodah kiti, na hakuna aliyewahi kumvutia Rodah kiti mahali pa kazi.

Alichokiona Rodah alipochungulia humo kilimnyamazisha, jambo ambalo hata mchungaji wa kanisa hakuwahi kuliweza. Mzizi ulikuwa umejengwa kwa vijumba vidogo vidogo, Daktari aliviita seli. Ndani ya kijumba kimoja vijiti vyekundu vilikuwa vimelala kama ndama kwenye nyasi. Akavihesabu. Thelathini.

"Kila kijiti ni uzi," Akeyo alimwambia. "Ukikunjua zote thelathini za kijumba hicho kimoja ukaziunga, utapata uzi unaomzidi mtu mzima kwa urefu."

"Daktari, hizo hadithi ni zangu mimi."

"Hii si hadithi. Uzi umezungushwa kwenye vigurudumu, kila kigurudumu karibu mara mbili, halafu ukakunjwa, ukakunjwa tena. Mwaka jana tu wenzetu ng'ambo ndio wamepata picha safi ya kigurudumu kimoja."

Akamwonyesha jarida la kisayansi lenye picha ya rangi. Zamani wengi walidhani kwamba seli ikiwa katika kazi zake za kawaida, nyuzi hulegea na kuchanganyika kama mahindi na maharagwe ya githeri kwenye chungu. Sasa watu walikuwa wamezipaka rangi mbalimbali na kukuta kwamba hata zikilegea, kila moja ina pahali pake.

"Kama mashamba yetu," Rodah akasema. "Hata ua ukianguka, kila mtu anajua anapoishia."

Akeyo aliyaandika maneno hayo kwenye daftari lake, na Rodah akamwona akiyaandika. Wiki hiyo alitembea kama aliyebeba yai mfukoni.

Sasa mtu kama huyo unamfungaje mdomo? Jumatatu iliyofuata, kwenye kituo cha kuuzia majani, foleni ikiwa ndefu na lori la kiwanda limechelewa, akawaeleza yote. Kimeli, kaka mkubwa wa mume wake na mwenyekiti wa kituo hicho, alikuwa amesimama karibu na mizani.

"Uzi mrefu kuniliko mimi," Kimeli akasema taratibu, "ndani ya kitu kisichoonekana."

"Kukuliko wewe na kofia yako, Shemeji."

"Na huo uzi unafanya nini humo? Unashona?"

Foleni ikaangua kicheko. Nyamwange, jirani aliyeolewa hapo kutoka ng'ambo ya Sotik, akajifuta macho. "Mama Rodah, yule fahali nilikuachia. Huu uzi nao, hapana. Punguza kidogo."

Kila siku kicheko hicho kilikuwa chakula chake. Siku hiyo hakikumshibisha. Kwa mara ya kwanza hakuwa ameongeza hata chumvi.

"Wiki ijayo kuna siku ya wakulima huko kituoni," akasema. "Njooni. Nisipowaonyesha hivyo vijiti thelathini, mwaka mzima sitafungua mdomo kwenye foleni hii."

Watu wakaguna. Mwaka mzima wa foleni bila Rodah, hata Kimeli aliona ni adhabu kwa wengi wasio na hatia. Lakini akakubali. "Ukituonyesha, nitapanda juu ya mizani hii niseme mbele ya wote kwamba Rodah amesema kweli."

Siku yenyewe, Akeyo alifika mapema. Saa tatu asubuhi alikata ncha za mizizi, akazitia kwenye chupa yenye spiriti na asidi, akaziweka kabatini. "Za wageni ni hizi," akamwambia Rodah, kisha akaenda kuwapokea wakubwa. Wakulima walitarajiwa saa nne. Njia ilikuwa tope, wakafika saa tisa.

Rodah akaitazama chupa ile. Mchumaji anajua kwamba jani lililokaa ni aibu. Karani wa mizani hulimwaga chini watu wakitazama. Leo awape watu wa kwao, shemeji yake akiwemo, mizizi ya tangu asubuhi? Akaiacha chupa kabatini, akateremka nasari, kwenye kitalu cha miche, akakata mizizi mibichi. Akaitengeneza kwa heshima zote, akakandamiza, akaweka kwenye hadubini.

Kimeli alitangulia, kama mwenyekiti. Akafumba jicho moja. Akafumba lile lingine.

"Naona mipira," akasema. "Mipira myekundu. Kama maharagwe kwenye supu."

"Angalia vijiti, Shemeji."

"Hakuna vijiti. Nyamwange, njoo uone supu."

Nyamwange akaona supu. Na wa tatu akaona supu. Rodah akainama mwenyewe. Mipira mitupu. Akakata mzizi mwingine, ikawa vile vile. Nyuma yake kuna mtu alishaanza kuhesabu miezi ya ukimya.

Akeyo akaingia, akatazama, akauliza kwa sauti ya chini, "Hii umekata saa ngapi?"

"Sasa hivi. Mibichi kabisa."

"Mama Rodah. Vijiti huonekana seli zinapogawanyika, na mizizi yetu hufanya hivyo zaidi asubuhi. Saa hizi nyingi ziko kwenye kazi nyingine. Uzi umelegezwa ili usomwe. Uko ndani ya hiyo mipira, lakini huwezi kuuona."

Kuna watu wangeomba radhi hapo. Rodah alimgeukia Kimeli. Kimeli alikuwa amevaa sweta la kijani alilofumiwa na Rodah mwenyewe, na kwenye kifundo cha mkono nyuzi zilikuwa zimeanza kuachia.

"Shemeji, lete mkono."

"Wa nini?"

"Mwenyekiti anaogopa mkono wake?"

Kimeli akaunyoosha. Rodah akashika ncha ya uzi, akampa Nyamwange. "Tembea."

Nyamwange akatembea. Mshono ukaachia, mzunguko baada ya mzunguko. Akatoka mlangoni, akapita matangi ya maji, akapita kivuli cha nasari. Waliokuwa nje husema hadi leo kwamba alipungiwa mkono na watu wa mji wa Litein. Ndani, mkono wa Kimeli ulibaki mtupu hadi kwenye kiwiko.

"Hiyo ni nusu ya mkono mmoja," Rodah akasema. "Ulikuwa umevaa uzi wa kufika barabarani na hukujua. Sasa tazama." Akavuta mzunguko mmoja zaidi, akaonyesha vifundo viwili kwenye uzi. "Hivi viwili, sweta likiwa zima, vilikuwa vimegusana. Kwenye uzi, kati yavyo kuna hatua nzima. Aliyevikutanisha ni mkunjo. Ndivyo ilivyo humo ndani. Sehemu moja ya uzi inaamsha nyingine iliyo mbali, kwa sababu mkunjo umezileta karibu. Na huo uzi wa mzizi ndio huo huo wa jani. Mzizi unajua namna ya kuwa jani. Habari za jani umezikunja tu ukazificha, kama nguo za kanisani chini ya sanduku."

Akeyo, aliyekuwa amefungua mdomo aongezee, akatoa daftari lake.

"Maneno umeyapanga vizuri," Kimeli akasema, akijikuna kiwiko. "Lakini hatukuahidiwa sweta. Tuliahidiwa vijiti thelathini."

"Kunyweni chai," Rodah akasema. "Mnirudie."

Akaitoa ile chupa kabatini, mizizi ya saa tatu, iliyokaa kutwa nzima, ingawa spiriti ilikuwa imeigandisha vile ilivyokuwa asubuhi. Ilimuuma kuishika. Asidi, rangi, kioo juu ya kioo. Akaweka dole gumba. Akabonyeza. Hakuinama kutazama. Alimwita Kimeli.

Kimeli akafumba jicho moja. Akakaa hapo muda mrefu, midomo ikicheza. Kimeli alikuwa mtu wa kuhesabu. Hata maombi kanisani aliyahesabu. Akafika mwisho, akarudia kutoka upande mwingine.

"Thelathini," akasema.

Akainama tena.

"Kuna viwili vimelaliana, nilidhani ni kimoja. Lakini ni thelathini." Akajiinua, mkono mmoja mtupu, mwingine wenye sweta, akawatazama watu wa Mogogosiek waliojaa mlangoni na madirishani. Hakungoja kurudi kwenye mizani. Akapanda kwenye kiti cha maabara, nacho kikalia. "Rodah amesema kweli. Nimeona mimi mwenyewe. Kila jani ambalo tumepeleka kiwandani miaka yote lilikuwa na hii kitu ndani, na wa kwanza wetu kuijua ni huyu shemeji yangu."

Rodah alikuwa na maneno mengi ya kujibu, lakini yote yalikuwa marefu, na Nyamwange alikuwa ameshakaa kwenye hadubini bado ameshika uzi mkononi. Nyuma yake foleni ilizunguka maabara mpaka kwenye matangi. Kimeli akashuka, akasimama pembeni, akaanza kuwaeleza wa nyuma juu ya vigurudumu na mashamba na masanduku, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa akiyajua hayo.

"Fumba jicho la kushoto," Rodah akamwambia Nyamwange, akiandaa mzizi unaofuata. "Polepole. Na wewe Shemeji, sogea kidogo, unatuzibia mwanga."