Mizunguko Mitatu ya Marcella

Mvua ya Aprili ilipoanza kunyesha Kibirichia mwaka ule wa 1988, kila mwanamume mwenye akili zake alikuwa shambani akipanda viazi. Mithika, mwalimu mkuu mstaafu, alikuwa amejifungia ghalani, suruali ameikunja hadi pajani, akisokota kamba za mkonge. Kusokotea pajani si mchezo kwa mtu mwenye vinyweleo. Kila kamba iliondoka na chake, na mzee wa watu machozi yakamlenga.

Kufuma kiondo ni kazi ya wanawake, na mwanamume akionekana nacho atabandikwa jina la kuzikwa nalo. Mithika alilijua hilo fika. Lakini mkewe, Marcella, alikuwa amefariki Oktoba, kabla hajakimaliza kiondo alichomwahidi binti yao Lenah. Siku ambayo Lenah angejifungua mtoto wa kwanza, mama angempelekea chakula cha mzazi ndani yake. Sasa zilibaki wiki mbili, na Mithika alitaka Lenah ashike kitu kilichopita mikononi mwa mama yake.

Siri ilitobolewa na mbwa. Mithika alimwita Inspekta, kwa kuwa alifika kwake siku moja bila taarifa na akaanza kukagua kila kitu. Asubuhi hiyo alinyakua donge la uzi wa kijani, uliofumuliwa kutoka sweta kuukuu, akachomoka nalo mlangoni. Alikatiza kwenye dalia za Marcella, zilizokuwa zimechanua bila kupaliliwa na mtu, akaelekea langoni. Mithika alimfukuza, mguu mmoja wa suruali ukiwa bado umekunjwa hadi pajani. Langoni alisimama jirani yake Karwirwa, mwanamke aliyekuwa akikaa benchi moja na Marcella kanisani.

"Ngai! Mwalimu, hiyo mguu iko nje ni ya nini?"

Karwirwa alicheka hadi akaketi juu ya gunia lake la mbegu. Alipoelezwa, aliacha kucheka, akaomba kukiona kiondo. Alikizungusha taratibu mapajani.

"Ya chini imenyooka. Hii ya juu imeenda kombo kabisa. Si ungeniita tu? Wacha nifumue."

"Fumua kombo yote," Mithika akasema. "Penye kunyooka ndipo penye Marcella."

Karwirwa alifumua mzunguko wa kwanza, wa pili, hadi wa tano. Kisha vidole vyake vikasimama. Ilibaki mizunguko mitatu iliyopinda.

"Mwalimu, hii ingine si yako."

"Ni yangu. Sikuhesabu, ila hebu ona ilivyopinda."

"Kamba imesokotwa na kushoto. Wewe si wa kushoto, ni Marcella alikuwa." Akapitisha kidole juu ya mizunguko ile. "Mikono yake ilikuwa imeanza kukataa. Hata kanisani alikuwa anaficha chini ya leso. Kwani hukuona?"

Hakuona. Alikumbuka Agosti, Marcella alipomwomba amfungie vifungo vya sweta, naye akamtania kwamba amekuwa bibi harusi tena. Marcella alicheka. Alifungiwa vifungo, akaenda zake jikoni. Mithika aliona aibu, na huzuni mbichi kana kwamba msiba ulikuwa wa jana.

"Nitoe na hii tatu?" Karwirwa aliuliza kwa upole. "Ninyooshe yote. Hakuna mtu atajua."

Mithika alikichukua kiondo, akakipakata.

"Nionyeshe tu namna ya kuendelea kutoka hapo."

Tangu siku hiyo alifuma barazani, Inspekta akiwa amefungwa kamba, na wapita njia wakimwita Mama Lenah. Aliwaitikia.

Mtoto alizaliwa, msichana. Mithika alimpelekea Lenah chakula ndani ya kiondo. Lenah alikipapasa, akagusa palipopinda, akacheka.

"Baba, hapa ndipo ulianza kujifunza, sivyo?"

"Hapana," Mithika alisema. "Hapo mama yako alikuwa mgonjwa, na mimi sikuwa nimeona."

Lenah aliacha kucheka. Mkono wake ulibaki pale pale.