Sombe ya Jirani Yetu wa Titye

Majuzi nilimsindikiza dada yangu hospitalini Kasulu kwa daktari mtafiti wa Kijapani. Harufu ya karanga alizokuwa akizisaga mezani ilinirudisha Titye, kwa mama yetu, enzi sijaanza shule.

Wakati ule, ndugu msomaji, tuliamshwa na sauti ya vinu. Mama aliiunga sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwa mawese. Jirani yetu mjane aliiunga kwa karanga za shambani kwake. Siku moja alituletea chungu. Kwa desturi yetu Waha, alionja kwanza mbele yetu, ndipo tukala. Kabla hatujanawa, midomo ya dada ilivimba, na pumzi zikaanza kukoroma. Jioni alikwisha kupona. Jina la jirani halikupona. Ilisemwa kwamba alithubutu kuonja kwa sababu alikuwa amekunywa kinga ya sumu yake mwenyewe. Nani aliiona kinga hiyo? Hakuna aliyeuliza. Mavuno hayakufika, mama yule akajitwisha mkeka wake, akahamia Kibondo.

Daktari alinieleza kwamba utotoni kwao kulikuwa na tambi zilizomfunga koo, na bibi yake akamwona ana madeko. Ndipo akasomea udaktari, na ujana wake wote akaumalizia maabara, akichunguza mzio: kwa nini mwili wa mtu hukataa chakula kinachomshibisha mwenzake. Nilimheshimu hasa alipokataa kuniamini nilipomsimulia kisa cha sombe ile.

"Mzee, hayo ni masimulizi. Ngoja tupime."

Alimdonoa dada mkononi, hapa tone la karanga, pale la maji.

"Umevuka bahari zote hizo kuja kunichokonoa kwa karanga?" dada akamtania.

"Na wewe, bibi, umezikimbia miaka yote hiyo. Tulia."

Penye karanga pakatutumka.

"Mzio unao," daktari akasema. "Ya siku ile siwezi kuyaapia. Ila chakula kisicho na sumu kingetosha kukufanya vile."

Dada hakutania tena. "Basi yule mama alifukuzwa bure. Twende tukamwambie."

Nilimjibu kwamba amechelewa. Titye ya leo inasaga kwa mashine, hakuna anayemwonjea mgeni chakula, na kiwanja cha jirani kinalimwa na watu wasiomjua. Yeye amezikwa Kumsenga, huko huko Kibondo. Nilikwenda kuulizia mwenyewe. Wazee wa huko waliniambia alikuwa mpishi hodari. Nikawauliza ni nani kati yao aliyewahi kula kwake.

Hakuna.