Kurasa Nne za Mkunga

Enzi za Mwingereza nilikuwa mtunza vitabu katika chumba cha kusomea mjini Singida. Maadui zangu walikuwa wawili: mchwa na wasomi. Mchwa niliwaheshimu, wao walikula vitabu kwa njaa.

Kila Jumamosi niliwafundisha wasomaji namna ya kushika kitabu. Wakulima wa Unyambwa walielewa mara moja: nawa mikono kwenye beseni, jifute, shika kitabu katikati, usikivute kwa ncha ya mgongo. Walionishinda ni makarani. Mmoja wao, karani wa baraza mwenye kalamu mbili mfukoni, alilamba kidole kwa kila ukurasa kama anayeonja mchuzi.

"Bwana karani, mate yanaharibu karatasi," nilimwambia.

"Mimi nimefika darasa la kumi. Utanifundisha wewe kufunua kitabu?"

"Miaka kumi yote hawakukuonyesha beseni?"

Watu walicheka. Yeye akaazima kitabu chetu pekee cha uzazi, nadhani kwa kunikomoa tu. Alipokirudisha nilikipokea bila kukikagua. Kosa hilo ni langu.

Wiki iliyofuata alikuja mkunga mmoja kutoka Iguguno, kapanda lori la mahindi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaenda kunawa bila kuambiwa. Alitaka kusoma habari za mtoto anayetanguliza miguu, kwani kijijini kwake kulikuwa na mama aliyekaribia kujifungua na mtoto alikuwa amekaa vibaya.

"Mwanangu," aliniita, "hapa pamekatwa."

Kurasa nne hazikuwepo. Aliondoka mikono mitupu. Nilikwenda barazani papo hapo.

"Ziko wapi zile kurasa?"

"Zilikuwa laini," karani alisema, "zinafaa kusokotea tumbaku." Wenzake wakaangua kicheko, nao wote wamevaa tai.

Nilipeleka shauri kwa bwana mkubwa wa boma. Alinijibu kwamba karani ni mtu wa maana na kitabu kitaagizwa kingine. Hakikuagizwa. Basi niliendesha baiskeli hadi misheni walikokuwa na nakala, nikanakili kurasa zile kwa mkono wangu, pamoja na michoro, nikazishona mahali pake.

Mkunga alirudi baada ya wiki tatu. Nilimfungulia kitabu pale palipokatwa. Alisoma polepole hadi mwisho, kisha akafunga kitabu.

"Yule mama yupo," alisema. "Mtoto hakuishi."

Hakuniuliza nani alikata. Nilimwambia hata hivyo, na nikamwonyesha mlango wa baraza. Alikwenda. Alisema nini huko, sijui, ila makarani wale walitoka nje mmoja mmoja, wakiangalia viatu vyao.

Toka siku ile karani hakukanyaga kwangu. Alimtuma tarishi kumwazimia vitabu, mtu mzima mpole aliyenawa mikono vizuri kabisa. Nilimwambia asome mwenyewe, hapa hapa, kwa raha zake. Bwana wake sikumpa hata gazeti la zamani.