Ukuta Usiotoa Maji

Mume wangu Prospero amechoka, na mimi nimechoka kumwona akijifanya hajachoka. Ana miaka sabini na miwili. Tangu nimjue kazi yake ni moja, kujenga na kukarabati kuta za mawe zinazoshikilia mashamba yetu ya mizabibu juu ya bahari. Chini ya kuta hizo ndipo ilipo njia ya wageni wenye fimbo, wale wanaokuja likizo ili watembee kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji. Mimi nisiyeweza kupanda ngazi za kanisa bila kushika kiuno sijawahi kuwaelewa. Mtu anapata wiki moja ya kupumzika, anaimaliza kwa kupanda milima. Haya, kila mtu na starehe yake. Wanalala kwetu, vyumba vitatu vya juu, nawapikia mkate wa dengu na dagaa wa chumvi, asubuhi wanakwenda zao.

Kuta zetu hujengwa kwa mawe matupu. Jiwe juu ya jiwe, na nyuma yake kokoto, ili mvua ipenye na kutoka. Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu ni kinyume, ukiziba ufa ndipo utakapojenga ukuta, maana maji yakikosa pa kutokea huusukuma mpaka uanguke. Prospero aliwahi kumkuta Livio, mtoto wa dada yake, ambaye yeye Prospero ndiye aliyemfundisha kazi, amechanganya ndoo moja ya saruji ili amalize kona upesi. Hakusema naye miaka miwili. Hata kwenye msiba wa mama yake Livio alimpa mkono bila neno. Livio akaacha mawe, akawa kiongozi wa wageni njiani. Baadaye walipatana, lakini kupatana kwenyewe kulikuwa kwa salamu na habari za mvua tu.

Februari hii kipande cha ukuta kiliporomoka, kama hatua nne hivi, pale njia inapobana na chini ni mwamba na bahari. Livio akaja kusema atasaidia. Prospero akamjibu kwamba siku atakayohitaji mtu wa kumshikia jiwe atakuwa tayari yumo ndani ya jeneza. Akaenda peke yake siku tisa. Ya kumi akarudi, ukuta umekwisha, na kijiji kizima kikausifu. Mimi nikafua suruali yake. Ilikuwa imekakamaa kama ubao, na pindoni ina kijivu kisichotoka kwa sabuni. Mikono yake inatetemeka tangu mwaka juzi, hata kikombe anakishika kwa mikono miwili, na jiwe halikai mpaka uligeuze na kuligeuza tena. Nikajua alichofanya, nikanyamaza. Naweza kujitetea kwamba nilimhurumia, na ni kweli, lakini pia nilikuwa nimechoka, sikutaka ugomvi mwingine ndani ya nyumba hii.

Aprili ikanyesha siku tatu mfululizo. Ya nne jua likatoka, na wageni kumi na mmoja wakawa wanafunga viatu barazani kwangu. Mimi nilikuwa nimeshaamka mapema, nimejikokota mpaka kule kwenye ukuta na kurudi. Kuta zote zilikuwa zinachuruzika maji kila upenyo. Ule wa Prospero ulikuwa mkavu, na katikati umeota tumbo.

Nilimkuta jikoni.

"Ukuta hautoi maji," nikamwambia.

"Mawe yale ni mazuri."

"Sijakuuliza mawe. Suruali niliifua mimi, Prospero."

Akaweka kikombe chini, kahawa ikamwagika kwenye kisahani. Sitaficha, nilimpa pa kutokea. Nikasema tuwaambie wageni mvua imeharibu njia, leo wapande treni, halafu yeye ataubomoa taratibu bila mtu kujua. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo nalijua, lakini nilitaka kumsitiri mume wangu. Kisha akauliza, na wale wanaotoka kijiji cha pili? Wakati huo walikuwa wameshaanza safari, na aliyejua namba za viongozi wao ni Livio peke yake.

Akatoka hadi barazani na soksi tu. Livio alikuwa anawahesabu wageni. Prospero akasimama mbele yake, mikono mifukoni, kisha akaitoa ili ionekane.

"Livio, wazuie watu. Wapigie na wa upande wa pili. Ule ukuta nimeutia saruji."

Nililia, sioni aibu kusema. Nilidhani Livio angemlipa ile miaka miwili hapo hapo, mbele ya wageni, na haki alikuwa nayo. Badala yake alipiga simu, akawaambia viongozi wenzake wageuke kwa sababu ukuta una hatari, hakuongeza neno. Akawaomba wageni wakae wanywe kahawa. Akaingia stoo yetu, akatoka na sululu na nyundo, akapitia jikoni akachukua na kiti.

"Kiti cha nini?" Prospero akauliza.

"Chako, mjomba. Mawe nitashika mimi. Wewe utaniambia lipi linakaa wapi, na nikikosea unitukane kama zamani."

Waliubomoa kuanzia juu. Walipofika kwenye tumbo, maji yakatoka kwa kishindo, yakawalowesha wote wawili mpaka kifuani. Kutoka njiani nilimsikia Prospero akimwita mpwa wake mpishi, kinyozi, mkono wa kushoto wa shetani. Akawa anashika kila jiwe kwanza, analipapasa, ndipo analirudisha kwa Livio.

Jioni alirudi sauti imemkauka. Alikula, akasinzia mezani. Nikafua suruali yake. Ilikuwa na tope tu, na kwa maji mawili ikatakata.